SSD ya kompyuta yetu ya zamani: maswali niliyokwenda nayo dukani

Kompyuta ya mezani iliyopo sebuleni kwetu ni Dell OptiPlex 7010, toleo la mwaka 2012. Tuliinunua ikiwa imeshatumika, katika zile zinazoletwa kutoka Ulaya baada ya ofisi za huko kubadilisha mashine zao. Najua wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wanayo ya aina hiyo, kama si Dell basi HP au Lenovo: kasha jeusi zito ambalo mitaani kwetu kila mtu analiita sipiyu, ingawa fundi atakwambia CPU yenyewe ni kichipu kisichofika ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, kimejificha huko ndani.

Miaka minne ilitufaa bila maneno. Kisha ikaanza kuchoka. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, unaweza kwenda kubandika chai, ukarudi, na bado yale madoa ya Windows yanazunguka. Word ikifunguliwa inakaa dakika mbili ikiwaza. Binti yetu mkubwa yuko kidato cha nne, notsi zake na mitihani ya miaka iliyopita viko humo. Mdogo wake wa darasa la sita naye anaidai. Mimi naweka humo hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Watu watatu, mashine moja, na nusu ya muda wa kila mtu ni wa kusubiri. Kelele za jioni nyumbani kwetu zilikuwa hazisababishwi na kitu kingine.

Baba watoto alishafikia uamuzi wake: tununue laptop. Alikuwa ameulizia, akatajiwa shilingi 850,000 kwa iliyotumika. Pesa hiyo tulikuwa nayo, lakini ilikuwa na kazi yake. Ni akiba ya kidato cha tano. Ada ya shule za serikali imeondolewa, sawa, ila godoro, sare, ndoo, nauli ya basi na michango havijaondolewa, na binti akipangiwa shule ya mkoa wa mbali hesabu inapanda haraka. Nikamwomba baba watoto wiki mbili kabla hajaigusa.

Fundi wa mtaa wetu aliifungua, akaisikiliza, akasema: "Mama, mashine hii haina ubovu. Hadidiski ndiyo imechoka. Tafuta SSD, nikuwekee." Akaondoka. Ushauri ulikuwa mzuri, ila aliuacha pale ambapo shida inaanzia, kwa sababu SSD si kitu kimoja, na ukikosea kuchagua unarudi nyumbani na kitu kizuri kisichoingia popote.

Ngoja kwanza nieleze kwa nini diski ndiyo inayochelewesha, maana nilipolielewa hilo ndipo nilipojua pia nisilipie nini.

Ndani ya diski ngumu ya zamani kuna sahani za chuma zinazozunguka. Ya kwetu inazunguka mara 7,200 kwa dakika. Juu ya sahani kuna mkono mdogo wenye kichwa cha kusomea, unaokwenda mbele na nyuma kutafuta faili ilipo. Mkono uhame, sahani izunguke hadi mahali panapotakiwa pafike chini ya kichwa, ndipo kusoma kuanze. Kila safari ya namna hiyo inakula kama sehemu 10 kati ya sehemu 1,000 za sekunde. Unaona ni kidogo, lakini kompyuta inapowaka haisomi faili moja ndefu, inasoma vifaili vidogo maelfu vilivyotawanyika kila pembe. Safari 100 kwa sekunde, basi, imefika mwisho wa uwezo wake. Ni kama duka lenye msaidizi mmoja anayetumwa stoo: chumvi, anakwenda, anarudi; kiberiti, anakwenda, anarudi. Wateja wamejaa mlangoni na yeye hajakaa hata kidogo.

SSD haina sahani wala mkono. Ni vichipu tu, ndugu wa vile vilivyo kwenye flashi na kwenye simu uliyoshika sasa hivi. Hakuna cha kuzunguka, kwa hiyo hakuna safari ya stoo. Kitu kinachukuliwa papo hapo, maelfu kwa maelfu kwa sekunde. Ndiyo sababu mashine ya mwaka 2012 ikiwekewa SSD huonekana kama imezaliwa upya, hata kama hakuna kingine kilichoguswa. Na tofauti hiyo kubwa unaipata kwa SSD yoyote nzima, hata ile ya bei ya chini. Neno hili lishike, litatufaa tukifika dukani.

Kabla ya kwenda Kariakoo tuliifungua mashine wenyewe, mimi na binti. Tulichomoa waya wa umeme ukutani, tukabonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe, tukagusa chuma cha kasha, kisha tukatoa ubavu wake. Kwenye mashine za ofisi za Dell huhitaji hata bisibisi, kuna kishikio unavuta. Binti alipiga picha kwa simu: diski ilivyokaa, nyaya zake, ubao mkuu wote, na kibandiko kilicho nje ya kasha. Picha hizo ndizo zilizotusaidia kuliko maelezo yoyote ambayo ningeweza kumpa muuzaji.

Nyuma ya diski yetu kulikuwa na plagi mbili bapa, zote zina kona yenye umbo la herufi L. Nyembamba ndiyo inayopitisha data, inakwenda hadi kwenye ubao mkuu. Pana ndiyo ya umeme, inatoka kwenye pawa. Ukiona hizo mbili, mashine yako inatumia SATA, na karibu kila kompyuta ya mezani iliyotengenezwa miaka 15 iliyopita na zaidi kidogo inayo. Ukiona badala yake utepe mpana wa kijivu wenye nyaya nyingi zilizolala pamoja, hiyo ni IDE, ni ya kale kweli. Hapo mimi nisingetoa hata shilingi.

Kisha kuna swali la pili: kwenye ubao mkuu kuna tundu la M.2? Hilo ni tundu dogo lililolala, upana wa milimita 22, na kwa kawaida mbele yake kuna kishimo cha skrubu moja. Kinachoingia humo kinafanana na kipande cha ubani wa kutafuna wa bapa. Mashine za kuanzia kizazi cha sita cha Intel, mwaka 2015 hivi, nyingi zinalo. Ya kwetu ya 2012 haina. Tuliangalia ubao wote kwa tochi, haina.

Nilikwenda dukani na maelezo hayo kwenye karatasi. Kijana wa dukani alikuwa mchangamfu na mwenye heshima, na nina hakika hakuwa na nia mbaya. Alinipokea: "Karibu mama. SSD? Hizo za SATA zimepitwa na wakati. Chukua hii, NVMe, bei karibu ileile, kasi mara sita." Akanionyesha kile kipande chembamba ndani ya plastiki yake.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, mashine yangu ni ya zamani. Tundu la hiyo inalo?"

"Mashine gani, mama?"

"OptiPlex 7010."

Akaandika kwenye simu, akatabasamu, akanigeuzia kioo. "Hii hapa. Inakubali M.2, tena matundu yapo kabisa."

Na hapo hakudanganya. Tatizo ni kwamba Dell walilirudia jina. Ipo OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, na ipo OptiPlex 7010 nyingine waliyoitoa mwaka 2023, ambayo ni mashine tofauti kabisa na inalo tundu la M.2. Ukitafuta kwa jina peke yake mtandaoni, mpya inaweza kukujia mbele ya ya zamani, na muuzaji mwenye haraka anasoma ya kwanza. Nilimwonyesha picha ya kibandiko: Core i5-3470. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 3, maana yake ni kizazi cha tatu cha Intel. Ile ya 2023 ina vichipu vya kizazi cha 13, namba zake zinaanzia 13 zikifuatiwa na tarakimu tatu. Kijana akaangalia picha ya ubao, akakubali mwenyewe: "Kweli mama, hii haina."

Mzazi mwenzangu, jina la mashine lililoandikwa mbele ya kasha halitoshi. Dell wana kibandiko chenye Service Tag, herufi na tarakimu saba. Ukiiandika kwenye tovuti yao inakueleza mashine hiyohiyo yako ilitoka kiwandani na nini. HP nao wana namba zao za bidhaa na za mashine yenyewe. Dakika tano za kuandika namba hiyo zinaokoa safari mbili za daladala.

Kijana hakukata tamaa. Akatoa kadi ndogo ya kijani: "Basi mama, hii ni adapta. Unachomeka NVMe hapa, kisha kadi unaichomeka kwenye tundu la PCI Express." Tundu hilo mashine yetu inalo. Lakini nilikuwa nimeshaelezwa na fundi jambo moja: programu ndogo inayoamka kwanza kompyuta inapowashwa, wanayoiita bayosi, kwenye mashine za umri huo haijui kuwasha Windows kutoka kwenye NVMe. Itaiona diski baadaye kama sehemu ya kuhifadhi faili, ila kuwaka kutoka hapo, hapana. Mafundi wana ujanja wa kuizunguka, wa kuanzia kwenye flashi au kubadilisha bayosi yenyewe. Kwa mtu anayependa kuchezea mashine, furaha tupu. Mimi sikutaka mitihani ya mtoto itegemee ujanja ambao aliyeufanya akihama mtaa hakuna mwingine anayeujua.

Na hata bila hilo, ile "kasi mara sita" nisingeiona. NVMe ya kawaida inasoma kama MB 3,500 kwa sekunde, SATA inaishia kama 550. Tofauti hiyo utaifaidi ukihamisha video kubwa siku nzima. Mtoto anayefungua Word na PDF ya hisabati hawezi kuiona kwa jicho. Kilichokuwa kinatuumiza ni zile safari za stoo, na SATA inaziondoa sawasawa tu.

Kwa hiyo nilichukua SSD ya SATA ya inchi 2.5, unene wa milimita 7. Ni kisanduku bapa chepesi, kidogo kuliko simu nyingi. Plagi zake ni zilezile mbili zenye kona ya L, zinakaa palepale penye plagi za diski ya zamani. Nyaya za diski ya zamani ukizitumia, huna cha kununua zaidi. Ukitaka kuziacha zote mbili ndani, hesabu kwanza: waya mwingine wa SATA, na plagi ya umeme iliyo wazi. Waya haumo kwenye paketi ya SSD, watu wengi hulijua hilo wakiwa wameshafika nyumbani.

Hapa niseme kidogo kuhusu wenye mashine za zamani kuliko yetu. SATA ina vizazi vitatu. Cha tatu kinapitisha gigabiti 6 kwa sekunde, cha pili 3, cha kwanza 1.5. Vinaelewana: SSD ya leo ukiichomeka kwenye tundu la kizazi cha pili inafanya kazi, ila itasoma kama MB 270 badala ya 550. Usihuzunike, bado utaona mashine imefufuka. Ila usilipe zaidi kwa SSD yenye sifa kubwa ambazo tundu lako halitazipitisha. Hata kwenye ubao wetu wa 2012 si matundu yote yana kasi moja. Mawili ndiyo ya gigabiti 6, mengine ni ya 3, na SSD tuliiweka kwenye lililoandikwa SATA 0.

Jambo lingine la M.2 nitalipitia haraka, ni la wale wenye mashine za katikati. M.2 ni umbo tu. Ndani ya umbo hilohilo kuna zinazozungumza SATA na kuna za NVMe, na tundu lingine linakubali aina moja tu. Kufanana kwa umbo kusikudanganye, soma maandishi ya kwenye kibandiko na ulinganishe na maelezo ya ubao wako.

Ukubwa je? Diski yetu ya zamani ilikuwa ya GB 500, lakini iliyojazwa ilikuwa GB 143, nyingi ni video za harusi za ndugu ambazo hakuna anayeziangalia. Nilichukua ya GB 256 kwa shilingi 95,000. Chini ya 240 nisingeshauri, kwa sababu Windows yenyewe na programu zake zinakula sehemu kubwa, na SSD iliyojaa hadi shingoni hupungua kasi. Na ukiiwasha ukaona Windows inasema GB 238, usirudi dukani kugombana. Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024, ndipo GB 18 zinapopotelea.

Wa kumwogopa ni yule wa barabarani anayeuza "TB 2" kwa bei ya GB 256. Vifaa vya namna hiyo vipo, ndani yake kuna kichipu kidogo kilichofundishwa kusema uongo: kompyuta inaona TB 2, unajaza picha zako, na zikipita uwezo wa kweli zinaandikwa juu ya zile za mwanzo. Unalijua siku unapofungua picha. Nilinunua kwenye duka lenye risiti na dhamana iliyoandikwa, na nikaomba kijana aichomeke kwenye mashine yake aifungue kwa programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure. Inaonyesha diski imefanya kazi saa ngapi na afya yake ni asilimia ngapi. Ya kwangu ilionyesha saa 0. Kama muuzaji anakuuzia "mpya" yenye saa 9,000, mshukuru na uondoke.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishindwe kulala kabla ya fundi kuja.

Kwenye diski ile ya zamani mlikuwa na picha za mama yangu. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Picha za simu yake tulizihamishia humo, pamoja na video alizokuwa akirekodiwa na wajukuu, anawasimulia hadithi, anawakemea, anaimba huku akichambua mchele. Hazikuwepo mahali pengine popote. Na diski ilikuwa imeanza kutoa mlio, tik, tik, kimya, tik. Fundi alikuwa amesema atahamisha kila kitu kwa pamoja, diski nzima kwenda diski nyingine, kwa saa moja, kazi imekwisha. Mafundi hufanya hivyo kila siku na kwa diski nzima ni njia nzuri. Diski inayolia ni mgonjwa, na sikutaka picha za mama zihamishwe kwenye foleni moja na mafaili ya Windows na michezo ya watoto.

Tukaazima diski ya nje kwa jirani. Tulianza na folda ya Bibi, peke yake, kabla ya kitu kingine chochote. Kisha notsi za binti, kisha hesabu za kikundi. Harusi zikawa za mwisho. Folda ya Bibi ilichukua saa nne. Ilikuwa ikienda, inasimama, inaenda. Binti alikaa nayo hadi saa sita usiku, tukiomba Mungu umeme usikatike. Picha zilitoka zote. Video mbili hazikusomeka. Tulijaribu tena asubuhi mashine ikiwa imepoa, tukajaribu kwenye laptop ya jirani, hazikusomeka.

Kwa hiyo, tafadhali, ukisoma haya na una mashine ya umri huo, usisubiri hata kununua SSD. Nakili vya familia leo, kwenye flashi, kwenye simu ya pili, popote. SSD nayo siku yake ikifika huondoka bila kutoa mlio wowote.

Kazi ya fundi ilikuwa ya chini ya saa moja na nusu, tukamlipa 20,000. Nafasi ya diski ndani ya kasha imetengenezwa kwa diski ya inchi 3.5, SSD ni ya 2.5, kwa hiyo inahitaji fremu ndogo ya kuishikilia. Fremu tuliisahau wote, fundi na mimi, akatumia tepu ya pande mbili. Haidhuru, haina kinachozunguka ndani wala kutetemeka. Nilimwomba aweke Windows upya badala ya kuihamisha ya zamani na takataka zake, na kabla hajaanza aangalie kwenye bayosi diski ziwe kwenye AHCI. Hilo lifanyike mwanzo, kwa sababu ukilibadilisha baada ya Windows kuwekwa, inaweza kukataa kuwaka.

Sasa inawaka kwa nusu dakika. Word inafunguka ukiwa bado umeshika kipanya. Mdogo mtu alipoiona mara ya kwanza aliuliza kama tumenunua nyingine.

Nisiwapake mafuta, lakini. Video za YouTube hazikuwa laini zaidi, na mtu akifungua kurasa 15 za intaneti inakwama kama zamani, kwa kuwa ramu ni GB 4 tu. SSD haiongezi ramu. Ramu ya mashine hii ni ya DDR3, hizo za kisasa za DDR4 haziingii, na nimeshaanza kuiulizia. Michezo ya kijana wa darasa la sita nayo iko palepale ilipokuwa, jambo ambalo binafsi halinisumbui.

Kuna na suala la Windows, ambalo ni vema ulipime kabla ya kutoa pesa. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka kichipu cha Intel cha kizazi cha nane kwenda juu. Cha kwetu ni cha tatu. Wapo mafundi wanaoilazimisha iingie. Niliikataa kwa sababu ileile niliyoikataa ile adapta. Tumejiandikisha kwenye nyongeza ya usalama waliyoitoa kwa watumiaji wa nyumbani, inakwisha Oktoba 2026, na binti atakuwa karibu na mitihani yake. Akimaliza tutaweka Linux Mint, ambayo ni ya bure na inafaa mashine za umri huu. Hiyo pia ni sababu sikununua SSD kubwa: mashine yenyewe ina miaka michache tu mbele yake. Ikifa, SSD ya inchi 2.5 itatoka humo iingie kwenye laptop ya zamani, au kwenye kasha dogo la USB iwe diski ya nje. Haitakufa nayo.

Jumla tulitumia 115,000. Baba watoto, ambaye alikuwa hataki hata kuisikia, sasa ndiye wa kwanza kuikalia usiku kuangalia matokeo ya mpira, na akiba ya kidato cha tano iko ilipokuwa.

Diski ya zamani haikutupwa. Fundi anasema wapo wataalamu wanaoweza kujaribu kuzitoa zile video mbili, ila bei aliyonitajia inazidi ya kompyuta yenyewe. Nimeifunga kwenye kitambaa, iko kabatini juu ya vyeti vya watoto. Binti ameandika juu yake kwa kalamu nzito: Video za Bibi. Usiformati.